Kilo Tatu na Robo Tatu

Mtaani Jang'ombe walimwita Msabah Nyoka, naye alikuwa ameshazoea, akiitwa anaitika. Miaka kumi na minne alifanya kazi kwenye bustani ya nyoka iliyokuwa njiani kwenda Kizimkazi. Wageni waliokuwa wakienda kutazama pomboo walisimama pale, wakapiga kelele kidogo, wakapiga picha, wakaendelea na safari yao. Ilipokuja corona wageni wakatoweka na mwenye bustani akafunga. Kobe walipata wa kuwachukua, vinyonga wakaachiwa msituni, lakini chatu mmoja jike mwenye taya lililopinda hakuna aliyemtaka. Msabah akahangaikia kibali mpaka akakipata, akamleta nyumbani ndani ya friji bovu lisilo na mlango.

Mkewe, Bi Kidawa, alikwenda kukaa kwa dada yake siku tatu. Siku ya nne akarudi na masharti yake: mnyama akae stoo, stoo iwe na kitasa, na asije akatokea mtu akamwambia yeye amshike. Msabah alikubali yote kabla mkewe hajamaliza kusema. Chatu akapewa jina la Taratibu, maana hakuna jambo alilolifanya kwa haraka, na ikapita miaka Kidawa hajavuka kizingiti cha stoo. Akimtaka mumewe husimama mbali, karibu na karo la kuoshea vyombo, akaita, naye Msabah hujibu "Naam!" huku nyoka yuko begani.

Riziki yake sasa ilitokana na kutengeneza mafriji, lakini moyo wake ulikuwa stoo. Kwa ajili ya lile taya, Taratibu hakuweza kukamata kitu kilicho hai, kwa hiyo kila wiki tatu Msabah alimchinjia sungura mmoja, akamshika kwa koleo refu na kumpungia mbele ya uso mpaka achukue. Na Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi, akitoka msikitini, alivua kanzu, akamtia chatu kwenye gunia, akamtundika kwenye mizani ya ndoano juu ya mlango. Kilo aliziandika kwenye daftari lililoning'inia msumarini.

Mizani, lakini, haikumtosha. Alichokiamini zaidi kilikuwa kiganja chake. Alimlaza chatu mapajani, akafumba macho, akampapasa tangu shingoni hadi mkiani. Chatu mwenye afya, alimfundisha binti yake Nasima, ana umbo la mkate wa boflo: chini bapa, juu mviringo, na uti wa mgongo unausikia kwa kidole lakini huuoni kwa jicho. Akikonda, mgongo unasimama kama paa na mbavu zinaporomoka huku na huku. Akinenepa kupita kiasi, uti unazama, magamba yanaachana mpaka ngozi inaonekana, na akijikunja anafanya vifungu vya nyama kama mkono wa mtoto mchanga. Watu wanadhani nyoka mnene ni nyoka mwenye raha, na Msabah alikuwa akikasirika hasa akisikia hivyo. Mafuta yanamuingia kwenye ini, anakufa kimya kimya, na aliyemlisha bado anajisifu.

Mtu mwenye mkono kama huo, ungedhani hakuna kinachoweza kukonda nyumbani kwake asikijue.

Lakini chakula katika nyumba ile kililiwa kama kinavyoliwa katika nyumba nyingi za Unguja. Mkeka wa sebuleni ulikuwa wa Msabah na mwanamme yeyote aliyepita wakati huo. Kidawa alikula jikoni, baada ya wote, pamoja na Nasima alipokuwa bado mwari, na peke yake tangu Nasima alipoolewa Kizimkazi. Walikuwa na miaka thelathini na moja ya ndoa, na lau Msabah angeulizwa mkewe hula kiasi gani, asingekuwa na la kusema. Alichokijua ni jibu lake tu. Akimuuliza mlangoni, "Umekula?" yeye hujibu, "Nshakula." Na Msabah akanawa mikono, akaondoka.

Mwezi wa Rajabu Kidawa alianza kusema kifua kinawaka na tonge linamkwama. Zahanati walimpa vidonge vya tumbo, wakamwambia arudi kama hali haibadiliki. Akasema imebadilika. Jirani yao Bi Zuleikha, ambaye ana dawa ya kila kitu isipokuwa ya mdomo wake, akamwambia Msabah kwamba mgonjwa wa namna ile hatiwi nguvu na vidonge, ila na supu ya njiwa. Msabah akaenda kwa Hafiz, anayefuga njiwa juu ya paa, wakapatana. Kila Jumatatu na kila Alhamisi, alfajiri, alichinja njiwa mmoja uani, akamuacha kwenye sinia jikoni, akaenda zake kwenye mafriji.

Akirudi adhuhuri, nyumba inanukia tangawizi, kitunguu thomu na pilipili manga. Bakuli limeoshwa, limefudikizwa juu ya kabati. Msabah hulifudua, akalitazama ndani kana kwamba kuna kitu kimeandikwa mle, akalifudikiza tena, akaenda stoo akipiga mluzi. Alikuwa akifurahi, masikini, na furaha yake aliionesha kitoto hivyo.

Ramadhani ikaingia, supu ikahamia wakati wa futari. Nani asiyekonda Ramadhani? Sikukuu ilipofika wanawake walimsifu Kidawa, wakamwambia saumu imemkaa, amerudi kuwa mwari, naye akacheka na kujifunga kanga juu ya dera. Dera lenyewe ni nguo ambayo unaweza kuficha ndani yake kapu la mchele. Pete yake ya ndoa ilikuwa imezungushiwa uzi mwekundu kwa ndani ili isimtoke kidoleni. Msabah aliuona ule uzi, akaona umependeza. Na kitandani pia hakuwa na njia ya kujua, kwani tangu Shaabani Kidawa alihamia chumba cha Nasima kwa sababu ya joto, na kwa sababu, alivyosema, mumewe anakoroma kama jenereta.

Kilichomshughulisha Msabah miezi hiyo kilikuwa kingine kabisa. Taratibu alikuwa ananenepa.

Rajabu alikuwa na kilo kumi na moja na robo, uzito wake wa siku zote. Shaabani zikawa kumi na mbili. Mwezi wa Ramadhani, kumi na mbili na robo tatu. Msabah akashuku mizani, akaifungua, akaisafisha, akaipima kwa mfuko wa sukari wa dukani, akaikuta ina haki kuliko muuza duka. Mfunguo Mosi zikafika kumi na tatu na nusu. Akapunguza chakula, sungura mmoja kwa wiki tano badala ya tatu. Mfunguo Pili zikawa kumi na nne na robo, na kiganja kikaanza kupita juu ya uti bila ya kuusikia.

Alimpigia simu Sabri, daktari wa mifugo. Sabri akasema pengine ana mayai, chatu jike hata bila ya dume huweza kuyafanya. Msabah akampapasa tumbo, hakuona yai. Akajisemea basi amefunga choo, kwa sababu ilikuwa miezi hajaona uchafu wake, akamkalisha kwenye beseni la maji ya uvuguvugu jioni tatu, akimsugua mgongo na kumbembeleza. Kidawa alisimama kwenye karo akawatazama.

"Huyo mgeni wako ana raha," alisema.

"Hana raha, ana ugonjwa. Mtu anakuwa mzito hivi bila ya kula?"

Kidawa aliingia ndani, na Msabah akamwaga maji ya beseni.

Siku ya Alhamisi, wiki ya mwanzo ya Mfunguo Tatu, Msabah alirudi mapema kuchukua waya aliousahau. Nyumba haikunukia kitu. Mlango wa stoo ulikuwa wazi. Akaingia mbio akidhani chatu katoka, akamkuta amejikunja mahali pake, vifungu vya nyama juu ya vifungu. Pembeni mwake palikuwa na uchafu wake: donge jeupe kama chokaa na jengine la kijivu, na ndani ya hilo la kijivu, manyoya. Si manyoya ya sungura. Alichutama, akalichukua moja, akalisugua kwa vidole. Lilikuwa nyoya la shingo, la kijivu, na lilipogeuzwa kwenye mwanga liling'aa kijani na zambarau.

Juu ya kizingiti, lilipoanguka, lilikuwapo koleo la mkaa la jikoni. Karibu yake palikuwa na fagio na karatasi, na mtu aliyevileta alikuwa hakuweza kuendelea.

Msabah alikaa sakafuni. Alihesabu miezi, akahesabu njiwa, akasimama, akaenda chumba cha Nasima na lile nyoya mkononi. Kidawa alikuwa amelala ubavu, uso ukutani.

"Kidawa."

"Naam."

"Njiwa zangu wamefanya nini tumboni mwa Taratibu?"

Kidawa akajaribu kucheka. "Leo nlitaka kuzoa kama siku zote," alisema. "Miguu imekataa."

"Tangu lini?"

"Tangu yule wa pili. Wa mwanzo nlimpika, nikanywa vijiko viwili, vikarudi. Baadae ikawa hata uji unarudi. Sasa hata maji, Baba Nasima, nayanywa kwa kuyabembeleza."

"Na ile harufu ya supu?"

"Tangawizi na maji."

Msabah alitaka kukasirika, akakosa pa kuanzia. "Na wewe ukaingia mle? Wewe, Kidawa?"

"Nlisoma Ayatul Kursi, nikafumba macho, nikanyoosha koleo. Hana neno. Anachukua kama mtu mwenye adabu zake." Alipumzika, akapumua. "Siku nyengine nlikuwa nakaa namtazama anavyomeza. Kitu kikubwa kuliko kichwa chake, unakiona kinateremka, kinateremka, mpaka kinapotea. Nikasema, Mola, kiumbe hiki hakina hata taya zima."

"Kwa nini hukunambia?"

"Kumtupa njiwa nliogopa dhambi. Kumpa Zuleikha, jioni hiyo hiyo ungeshajua. Nikaona hapa nyumbani asiyesema ni huyo peke yake."

"Nakuuliza mimi, Kidawa. Kwa nini hukunambia mimi?"

Hapo ndipo alipogeuka, na Msabah akauona uso wake kama unavyotazamwa uso, si kupitwa tu mlangoni. Mashavu yalikuwa yameingia ndani. "Mama yangu alikwenda hivi hivi," alisema. "Naujua mwanzo wake na naujua mwisho wake. Nikakwambia ili iwe nini? Wewe ulikuwa ukirudi, unalifudua lile bakuli, unalitazama, unakwenda zako unapiga mluzi. Miaka mingapi sijausikia mluzi wako. Nikasema mwache apige."

Msabah alikaa ukingoni mwa kitanda. "Geuka kidogo," alimwambia, na alipogeuka aliingiza mkono chini ya dera akaweka kiganja mgongoni mwake, shingoni, akakiteremsha. Hakufumba macho, hapakuwa na haja. Uti ulikuwa umesimama wote, pingili kwa pingili, na mbavu zimeporomoka huku na huku, na kiganja chake kilichowafundisha watoto wa skuli ngapi waliotembelea bustani kikafika kiunoni kikasimama hapo kwa aibu.

"Unanipima?" Kidawa aliuliza.

Msabah aliuacha mkono pale pale.

"Kuna siku nlimuonea wivu yule nyoka wako," alisema kwa sauti ya chini, bila ya lawama. "Kwa unavyompapasa."

Msabah akalia. Alilia kwa sauti, mwanamme wa miaka sitini na moja, mpaka Bi Zuleikha akaja kugonga mlango, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akaondoka bila ya kuuliza.

Hospitali walimtia mpira wenye kamera. Daktari, kijana mpole, alisema njia ya chakula imebaki kama mrija wa soda, na ugonjwa umeshafika kwenye ini. Msabah aliuliza kama wangekuja miezi mitano nyuma. Daktari alitazama karatasi zake, akasema jambo hilo asijiulize. Kwa hiyo akapata jibu.

Siku thelathini na nne zilizobaki, Msabah hakukaa tena kwenye mkeka wa sebuleni. Alikula chumbani mbele ya mkewe, kwa sababu Kidawa ndiye aliyetaka hivyo. Alimnywesha maziwa kwa kijiko cha chai, matone, huku akimsugua koo kwa kidole kama alivyokuwa akimsaidia Taratibu alipokuwa mgeni na taya bado bichi. Mengine yaliteremka, mengine yalirudi. Kidawa alimuomba apige mluzi. Alijaribu, na midomo ikamkatalia. Kidawa alifariki Jumanne baada ya alasiri, na watu wanne waliobeba jeneza walisema, wakidhani wanamfariji, kwamba maiti wake alikuwa mwepesi.

Nasima aliomba ruhusa skuli anakosomesha, akakaa na baba yake matanga yote na zaidi. Siku ya arubaini, alipokuwa akifagia stoo, alilichukua lile daftari msumarini. Mwezi uliopita: kilo kumi na tano. Mwezi ule: kumi na tano. Akaenda kwenye vizimba vya sungura, akavikuta viko karibu vitupu.

"Baba, unamlisha kila wiki?"

Msabah alikuwa kwenye ngazi ya uani, amemlaza chatu mapajani. "Nampa kiasi asipungue," alisema.

"Wewe ndiye uliyenifundisha! Mafuta yanakwenda kwenye ini. Sabri pia kakwambia apunguzwe. Unamuua, baba."

"Najua."

"Sasa?"

Alipitisha kiganja juu ya ule mgongo mnono, pale uti ulipozama. "Kilo kumi na moja na robo ni zake," alisema. "Hizi tatu na robo tatu ni za mama yako. Ndiyo chakula chake chote cha mwaka huu, Nasima. Kiko hapa. Mimi nimuondoshe kwa mkono wangu tena?"

Nasima alikaa ngazi ya chini yake. Alinyoosha mkono, akauweka juu ya nyoka karibu na mkono wa baba yake, wakakaa hivyo mpaka ikaadhiniwa.

Wiki ile sungura hakuchinjwa. Wala iliyofuata. Ilichukua miezi minane, kwa sababu chatu hata kukonda hukonda taratibu. Kila Ijumaa ya kwanza Msabah alivua kanzu, akamtundika, akaandika. Kumi na nne na nusu. Kumi na nne. Kumi na tatu na robo. Mitaani watu walimpongeza kwa subira, Sabri akasema ametibu vizuri. Na kila robo iliyopungua Msabah aliiandika daftarini, akaingia chumba cha Nasima, akakaa kwenye kitanda kilichotandikwa.

Ijumaa ya mwisho Nasima alikuja kutoka Kizimkazi kwa makusudi. Alimkuta baba yake amesimama chini ya mizani, gunia limetulia. Kumi na moja na robo. Msabah alimtoa chatu, akampapasa tangu shingoni hadi mkiani. Boflo. Uti uko pale pale kwenye ncha ya kidole, unasikika, hauonekani. Alikuwa mzima kabisa.

"Amekwisha," Msabah alisema.

Alimrejesha mahali pake, akafunga kitasa, akavaa kanzu, akanawa mikono kwenye karo. Nasima aliona kanzu inavyomwanguka kutoka mabegani moja kwa moja hadi chini bila ya kugusa popote.

"Baba, umekula?"

"Nshakula."

Nasima hakuondoka. Alimsogelea kwa nyuma, akaweka kiganja chake shingoni mwa baba yake, juu ya kanzu, akakiteremsha pole pole mpaka kiunoni. Msabah alisimama akipimwa, maji ya karo yakimtoka vidoleni.

Kisha Nasima aliingia jikoni. Alirudi na sahani moja ya wali na mchuzi wa samaki, akatandika mkeka uani, akamkalisha baba yake, akakaa mbele yake, goti kwa goti. Alifinyanga tonge dogo, akamtilia mkononi.

"Kula," alisema. "Na umeze mbele yangu, nikuone."